Jina la Tatu Halikuitwa

Tuliokuwa ndani ya chumba kile Jumatatu ile tulikuwa sita, ukimhesabu na mtoto mchanga. Nilikuwepo mimi. Alikuwepo mkwe wangu, mke wa mwanangu wa mwisho, mzaliwa wa Kiomboi, ambaye ndiye karani wa udahili pale chuoni. Mtoto mchanga ni wake, mjukuu wangu, nilikuwa nimembeba mgongoni. Alikuwepo mkuu wa udahili, bosi wa mkwe wangu, mtu wa kanda ya ziwa. Huyo hana undugu na yeyote kati yetu, ila aliniita bibi nami nikaitika. Na walikuwepo wageni wawili kutoka Sepuka, binti aliyekuja kusomea uuguzi na mama yake mzazi. Hao nao si ndugu zetu, ingawa tungekaa chini tukataja koo, Wanyaturu tulivyo, tusingekosa mahali pa kukutana.

Mtu mmoja hakuwepo, na ndiye aliyekijaza chumba. Ni mume wangu. Alikuwa nyumbani Mwankoko anapiga alizeti, hana habari.

Majina yao wote ninayo. Mimi darasa la nne sikulimaliza, na hesabu hainikai kichwani, lakini jina la mtu likishaingia sikioni mwangu halitoki. Ninayo majina ya waliobeba jeneza la mama yangu. Ninayo ya wasichana niliochezwa nao ngoma, waliokufa na waliopo. Lakini humu sitaandika hata moja. Mkwe wangu ameniomba, na ukisoma utaona kwamba ana haki ya kuomba.

Nieleze kwanza nilifikaje ofisini, maana mtu wa umri wangu hana shughuli chuoni. Mkwe wangu alipomaliza likizo ya uzazi alirudi kazini, na mtoto akakataa chupa. Ukimpa anafunga mdomo kama mtu mzima aliyeudhiwa. Basi ikawa kila asubuhi jua likipanda namfunga mgongoni, natoka Mwankoko, nampeleka anyonye, namrudisha. Ilipofika wiki ya wanafunzi wapya kuripoti, mkwe wangu akasema, "Mama, wiki hii sitapata hata nafasi ya kunywa chai. Kaa nami huko huko mpaka jioni." Nikakaa. Nikapewa benchi karibu na dirisha.

Chumba chenyewe ni kidogo kuliko jiko langu. Meza mbili, kabati moja ambalo mlango wake haufungi, na mafaili chini kwa marundo. Juu ya kila rundo kulikuwa na jiwe. Mnajua upepo wa Singida, hauombi ruhusa. Mawe yenyewe nilimwokotea mimi siku ya kwanza, nikayaosha, nikayaanika. Nje walifunga turubai kwenye miti minne, wanafunzi na wazazi wao wakakaa chini yake na matranka na magodoro, na lile turubai lilikuwa linapiga makofi siku nzima.

Kazi ilikwenda hivi. Mwanafunzi akifika anakabidhi bahasha yake: fomu ya kujiunga, fomu ya daktari, picha, nakala za vyeti. Mkwe wangu anaitengenezea bahasha faili, analiweka kwenye rundo. Halafu anasimama mlangoni na faili mkononi, anaita jina. Aliyeitwa anaingia na vyeti vyake halisi. Mkwe wangu anavilinganisha na nakala, anaandika namba za vyeti kwenye karatasi ya mbele, anapiga muhuri, basi, huyo ameshakuwa mwanachuo. Asiyepigiwa muhuri mpaka Ijumaa jioni anahesabiwa hajafika. Orodha inakwenda Dodoma, wizarani, na nafasi yake anapewa mtu wa orodha ya akiba.

Mimi nilikuwa nasikiliza yale majina. Sitaficha, nilikuwa nafurahi. Likiitwa moja najua huyu ni wa Manyoni, wazee wake wamekaa na Wagogo. Huyu ni wa Mkalama. Huyu baba yake Mwislamu na babu yake hakuwa na dini. Kila jina linatoka na njia yake. Mkwe wangu alikuwa akiita matatu matatu, la mtoto, la baba, la babu, kwa sauti ya kunyooka.

Sasa lipo jambo la kwetu ambalo wageni hawalijui. Mke hataji jina la baba mkwe wake. Halitaji akiwa naye, halitaji akiwa peke yake, na kama kitu kingine chochote kina jina hilo, anakitafutia jina jingine. Wanyaturu tunalishika hilo, na Wanyiramba, watu wa Kiomboi, wale wa rika la mama yake mkwe wangu, wanalishika kutuzidi. Jina la mume wangu si la ajabu. Ukirusha jiwe mnadani Sepuka utampata mmoja mwenye jina hilo, na jiwe likidunda utampata wa pili. Jirani yetu ana mtoto wa kiume wa kutembea juzi juzi tu mwenye jina hilo hilo. Mkwe wangu anamwita "mzee." Unamsikia uani anasema, "Mzee, usile udongo," na majirani wanacheka, na yeye anacheka nao, lakini jina halitaji.

Ofisini napo alikuwa na njia yake. Miaka ya nyuma alikuwepo mhudumu mmoja, baba mtu mzima wa Ikungi. Mkwe wangu akifika kwenye faili lenye jina hilo, iwe la kwanza, la pili au la tatu, analilaza kwa upana juu ya meza bila kusema neno. Yule baba analichukua, anakwenda mlangoni, anaita. Hawakuwahi kulizungumza. Yeye alikuwa mtu wa kwetu, hakuhitaji kuelezwa. Mwaka ule yule baba alikuwa amehamishiwa Manyoni, na aliyekuja mahali pake alikuwa akishinda kwenye pikipiki akipeleka barua.

Alhamisi, watu walikuwa wengi kuliko siku zote. Mkwe wangu akachukua faili, akasimama mlangoni. Nikamwona ametulia. Akalitazama lile faili, akanitazama mimi, akageuka nje akaita majina mawili. La tatu hakuliita. Nilijua hapo hapo la tatu ni lipi.

Niseme nilichohisi, kwa kuwa ndicho kinachonisumbua. Nilihisi vizuri. Nilisema moyoni, mtoto huyu amelelewa. Amesoma, anavaa saa, anaandika kwa mashine, na bado analibeba jina la baba wa mume wake kama mtungi wa maji usiomwagika. Nikampigapiga mtoto mgongoni, nikaona nimebarikiwa.

Msichana mmoja akaitika, akaingia. Alikuwa na kitambaa cha bluu kichwani. Wakati huo huo mtoto akaanza kulia kwa njaa, ile ya kukata pumzi. Mkwe wangu akamchukua akampakata na kumnyonyesha kwa mkono mmoja, kwa mkono mwingine akapokea vyeti. Akayaona majina mawili ya mwanzo, yanafanana na ya kwenye faili. Akaandika namba za vyeti. Akapiga muhuri. Msichana akashukuru, akaenda zake bwenini.

Msichana yule alikuwa wa Itigi. Faili lilikuwa la msichana wa Sepuka. Majina yao mawili ya mwanzo ni yale yale, wala si ajabu, ni majina ya kikristo ambayo kila shule unayakuta. Kilichowatenganisha ni babu zao tu.

Yule wa Sepuka alikaa chini ya turubai mpaka jua likashuka. Watu walipobaki wachache akaja dirishani, ameshika bahasha ya vyeti kifuani kwa mikono miwili.

"Shikamoo mama. Shikamoo bibi. Mimi sijaitwa."

Mkwe wangu akamwuliza jina, naye akajibu kwa sauti ndogo, majina mawili na la tatu akalimeza, kama watoto wanavyofanya wakiona haya. Mkwe wangu akatafuta kabatini, akalitoa faili, akalifungua.

"Mbona umeshapita, mwanangu? Muhuri huu hapa. Kachukue mizigo yako, Jumatatu uje na godoro."

Binti akatazama muhuri. Nilimwona anataka kusema. Vyeti vyake alikuwa navyo mkononi, hakuna aliyevigusa. Lakini ni mtoto wa Sepuka; amwambie mtu mzima, mbele ya mzee kama mimi, kwamba amekosea? Akasema, "Ahsante mama," akaenda kutafuta gari la kurudi kwao.

Ijumaa mkwe wangu hakwenda kazini. Mtoto aliamka na homa, tukashinda zahanati. Mkuu wa udahili akafunga orodha peke yake. Katika kukagua, akakuta namba za vyeti zilizoandikwa kwenye faili la Sepuka si za mwenye faili. Akachunguza, akagundua ni za yule wa Itigi, akamwita kutoka bwenini, akamnyooshea mambo yake. Wa Sepuka akatafutwa bwenini, hayupo. Akapigiwa simu, ya mama yake, haipatikani. Jioni ikafika. Mkuu akaandika "hajafika," akachukua wa kwanza kwenye orodha ya akiba. Kwa bahati mbaya huyo naye alikuwa ametokea Kiomboi.

Jumatatu asubuhi tulipofika mimi na mkwe wangu na mtoto, tuliwakuta wako mlangoni: binti, mama yake, tranka la bati na godoro lililofungwa kwa kamba ya katani. Mkuu alikuwa ameshawaambia. Binti alikuwa amesimama tu. Mama yake ndiye aliyekuwa anaongea.

Tukaingia wote. Salamu zikaenda kama zinavyokwenda, yule mama akaniamkia shikamoo akapiga goti nusu, nami nikaitika marahaba, habari za Sepuka, za mvua, za mifugo. Alijibu zote. Halafu akasimama, akamgeukia mkwe wangu.

"Haya dada, salamu zimeisha. Mwanangu ulimwambia nini Alhamisi?"

"Nilimwambia ameshapita."

"Na amepita?"

Mkwe wangu akasogeza jiwe juu ya rundo la mafaili.

"Nasikia nafasi yake amepewa mtu wa Kiomboi. Wewe ni wa wapi, dada?"

"Kiomboi."

"Basi mimi sina swali lingine," akasema yule mama, akakaa juu ya tranka lake. "Tuliosoma darasa la saba tunajua kujumlisha."

Mkuu akasema, "Mama, wa akiba nilimchagua mimi, kwa orodha. Yeye hakuwepo." Halafu akalifungua lile faili juu ya meza, akamwambia mkwe wangu kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha. "Dada, nisaidie nielewe. Faili lina muhuri wako. Vyeti vya mwenye faili hakuna aliyeviona. Mimi nikiandika Dodoma leo kwamba kosa ni letu, tulimchanganya na mwingine, wanaweza kutuongezea nafasi moja. Wameshafanya hivyo huko nyuma. Lakini lazima niseme kosa lilitokeaje. Niandike muhuri ulianguka wenyewe?"

"Niliita, akaja mwingine."

"Uliita majina gani?"

"Mawili ya mwanzo."

"Kwa nini mawili? Wote wengine umewaita matatu. Nilikuwa nakusikia kutoka chumba cha pili."

Mkwe wangu akatazama chini. Mtoto mgongoni kwangu alikuwa amelala, homa imepoa, pumzi yake naisikia shingoni. Nikajua mkwe wangu hatasema. Kuieleza mila ile mbele yangu ni kama kumtaja mzee kwa mzunguko, na kuieleza kwa mgeni ni kuonekana mshamba ofisini kwake mwenyewe. Alikuwa kati ya hayo mawili. Na binti wa watu yuko hapo, nafasi yake inakwenda huku sisi tunastahiana.

Nikasema, "Baba, jina la tatu la binti huyu ni jina la mume wangu. Mkwe wangu hawezi kulitaja."

Mkuu akanitazama mimi, akamtazama yeye. "Hawezi, au hataki?"

"Kwetu hayo ni kitu kimoja."

Yule mama wa Sepuka akainuka kutoka kwenye tranka. Sura yake ilibadilika. Akasema polepole kwa Kinyaturu kwamba hata yeye ana ukweni wa jina, baba mkwe wake ndiye mwenye hilo jina la tatu la mwanawe, na shuleni alikuwa anamwandikisha mtoto kwa kumpa mwalimu kadi ya kliniki asome mwenyewe. Kisha akarudi Kiswahili, kwa mkwe wangu. "Lakini dada, mimi silipwi kwa kuita majina. Wewe unalipwa."

Hilo nalo lilikuwa kweli.

Mkuu hakuwa mtu mbaya. Lakini alikuwa amechoka, na kwao nadhani mambo haya yameshakwisha, au yapo ya namna nyingine. Akaligeuza faili likamwelekea mkwe wangu. "Sawa. Tuko hapa sisi wachache. Mwite sasa. Mwite majina matatu, aitike, nimkague mbele yako, niandike barua kwamba sasa ameitwa na kukaguliwa ipasavyo. Dakika moja tu, dada. Ni jina tu."

Mkwe wangu akafungua mdomo. Akaita la kwanza. Akaita la pili. Machozi yakamtoka, hakuyafuta. La tatu halikuja.

"Mimi nitaandikaje kitu ambacho karani wangu mwenyewe hawezi kukisema?" mkuu akasema. Hakuwa anafoka. "Watasema tumetunga."

Mnaweza kuuliza kwa nini yeye mwenyewe hakuita. Nami nimejiuliza. Nadhani alitaka mmoja wetu aubebe mzigo huo, asiubebe mgeni. Au labda hakufikiri hivyo hata kidogo, alikuwa ameudhika tu.

Sasa niwaambie jambo ambalo hata yeye hakulijua. Mimi ninayejisifu kwa majina, jina hilo moja sikuwa nimewahi kulitamka. Mke naye kwetu hamtaji mume. Tangu nilipoolewa msichana hadi siku ile nilikuwa namwita baba wa fulani, kwa jina la mwanetu wa kwanza, na kabla mtoto huyo hajazaliwa nilikuwa namwita "wewe." Jina lake nilikuwa nimelisikia kwa watu maelfu ya mara, na nililijua kama ninavyojua njia ya kisimani, lakini ulimi wangu haukuwa umelipita.

Nikasimama. Magoti yananisumbua, nikashika meza. Nikamwambia mkwe wangu, "Mchukue mtoto, toka nje." Hakutoka. Alimchukua mtoto, akageukia kabati, akatupa mgongo.

Nikamtazama binti. Nikamwita majina yake matatu, la kwake, la baba yake, la babu yake, kwa sauti, kama yuko nje chini ya turubai na upepo unavuma.

"Abee," akaitika.

Aliitika upesi, kwa mazoea ya shule, na akapiga hatua moja mbele. Nafikiri ndiyo hatua aliyokuwa ameitunza tangu Alhamisi. Mama yake alikuwa ameinamisha uso. Mkuu akanyoosha mkono, binti akampa bahasha ya vyeti kwa mikono miwili. Akavikagua kimoja kimoja, akavilinganisha, akaandika namba. Hakupiga muhuri, alisema muhuri ungoje jibu. Akakaa kwenye mashine yake akaanza kuandika barua kwenda Dodoma.

Nilikuwa nangoja kitu kitokee, sijui nini, tangu utotoni tuliambiwa kitatokea kitu. Nje turubai liliendelea kupiga makofi.

Binti hakuwa na mahali pa kulala mpaka jibu lije, bwenini hawakuweza kumpokea. Nikasema aje kwetu. Mama yake akakubali, akarudi Sepuka na gari la mchana, tranka na godoro vikaja Mwankoko kwa bodaboda. Njia nzima mkwe wangu hakusema nami. Tulipokaribia nyumbani ndipo aliponiambia, anatazama mbele, "Mama, mimi nilikuwa nalilinda. Umelitoa wewe mwenyewe."

"Binti angekosa nafasi."

"Najua. Sikusema umekosea."

Mpaka leo sijui angeniambia nini kibaya kuliko hicho.

Mume wangu tulimkuta kwenye alizeti zake, amejaa makapi kichwani. Binti akamwamkia. Mzee akamwuliza yeye ni wa nani, na binti akataja, la tatu likafika, mzee akacheka kwa furaha. "Babu yako ni somo yangu! Basi umefika kwako." Akamwagiza mkwe wangu amchinjie mgeni kuku. Mkwe wangu akaenda kukamata kuku, uso chini.

Nikamwambia mume wangu baada ya chakula, tukiwa wawili uani. Nilimsimulia yote, tangu faili hadi barua. Alisikiliza huku anachokoa meno kwa kijiti.

"Ulilitaja?"

"Nililitaja."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

Akakitoa kijiti mdomoni, akasema, "Mwaka ule kabla hatujapata mtoto, nilipotumbukia shimoni kule mbugani, ulinitafuta hadi giza likaingia. Unakumbuka ulikuwa unaitaje?"

"Naita 'wewe.'"

"'Wewe, wewe.' Kulikuwa na watu wengine wanatafuta ng'ombe, nao wanaitana 'wewe.' Sikujua ninaitwa mimi. Nililala shimoni." Akakitupa kile kijiti. "Nami sikukulaumu. Nilisema, mke wangu ana adabu."

Akaingia ndani. Sikujua amekasirika au ameumia, na hakuniambia. Siku zilizofuata aliongea nami kama kawaida, ila jioni akawa anakwenda kukaa kwa jirani, kwa yule baba wa mtoto mwenye jina lake, jambo ambalo hakuwa analifanya. Na mkwe wangu alikuwa ananiletea chakula, ananipa mtoto, ananijibu "ndiyo mama." Nyumba nzima ilikuwa inatembea kwa ncha za vidole. Binti wa Sepuka alikuwa anafagia hata pasipo na taka.

Jibu la Dodoma likaja. Wamekubali kuongeza mmoja. Mkuu alimpigia mkwe wangu simu tukiwa tunachambua mlenda, naye akaiweka sauti ya juu, binti naye akasikia. Binti akakaa chini palepale kwenye majani ya mlenda, akafunika uso kwa viganja. Kesho yake akapigiwa muhuri, akaingia bwenini na tranka lake. Yuko mwaka wa pili sasa. Sikukuu zikifika anapita kunisalimia, na siku moja alinipima presha kwa mashine ya chuo, akaniambia nipunguze chumvi.

Mkwe wangu alipewa barua ya onyo. Akahamishiwa stoo, anatoa sare na kupokea shuka. Mshahara ni ule ule, lakini alikuwa anaipenda kazi ya mafaili, alikuwa anaifahamu, na stoo hakuna dirisha. Mila hajaiacha. Mtoto wa jirani bado ni "mzee." Tumerudiana, mimi naye, tunapika pamoja, tunacheka. Lakini alipojua naandika haya aliniomba jambo moja tu, nisiweke majina. "Hata langu, Mama. Hata la mtoto." Nikamwahidi.

Na chuoni hawaiti tena majina. Mkuu alitengeneza utaratibu mpya ili kosa lisirudi. Kila mwanafunzi anapewa namba kwenye kikaratasi, na anayesimama mlangoni anaita namba. Nilipita pale mwaka huu nikimpelekea mkwe wangu uji, nikasimama kidogo nisikilize. Wanaitwa, wanainuka, wanaingia. Watu wengi sana. Nilirudi nyumbani sina jina hata moja.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo lililonifanya niandike. Yule binti wa Itigi, mwenye kitambaa cha bluu, nilikutana naye kanisani. Nikamwuliza, siku ile mkwe wangu alikuita majina mangapi? Akasema, "Matatu, bibi. Aliita matatu, na la tatu lilikuwa langu." Nikamwambia haiwezekani, mimi nilikuwa ndani. Akasema yeye alikuwa nje, na nje ndiko jina linakokwenda. Huenda ni kwa kuwa mtu husikia jina lake hata lisipoitwa. Huenda mtoto alikuwa ameshaanza kulia nami sikusikia vizuri. Mkwe wangu alishasema mawili, na hataki kuulizwa tena. Mimi naamini yalikuwa mawili. Juu ya mawili hayo ndipo nilipolitoa jina la mume wangu, na juu ya mawili hayo yeye yuko stoo.

Basi wewe uliyekuwa chini ya turubai Alhamisi ile, uliyekaa kwenye godoro lako unangoja zamu, ukasikia sauti mlangoni: kama yalikuwa matatu, nitafute. Mwankoko uliza nyumba ya mzee mwenye alizeti, watakuonyesha. Njoo uniambie nimekosea. Nitakutengea kiti, nitakuuliza jina lako, nami nitakusikiliza mpaka mwisho.